Kengele Iliyolia Bila Maiti

Kamba ya nguo ndiyo iliyoanza kumwambia Jerop kwamba mlima unatembea, naye kwa ukaidi wake akadhani ni kamba mbovu.

Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo mbili: moja kando ya jiko lake, nyingine huko juu, karibu na kaburi la marehemu mumewe, Kibiwott. Alipoifunga ilikaza kama waya wa stima. Baada ya muda ikaanza kulegea. Akaifungua, akaikaza upya, akamlaani yule jamaa wa soko la Kamukuywa aliyemuuzia. Ikalegea tena. Mvua ndefu zilipokolea, shuka zilikuwa zinaburura matopeni. Ndipo siku moja, ncha ya kamba ikiwa mkononi, akainua macho akaiangalia nguzo ya juu, akauangalia na msalaba ulio kando yake. Kamba haikuwa imerefuka. Nguzo ndiyo iliyokuwa imesogea, na msalaba umesogea nayo. Kibiwott, aliyezikwa upande wa juu wa mparachichi, sasa alikuwa ameupita mparachichi. Alikuwa anateremka polepole kuja nyumbani.

"Mzee," Jerop akamwambia, "hata ulipokuwa hai hukuwahi kukimbilia jikoni hivi."

Alisema hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kunyamaza hata alipoogopa.

Hakuzaliwa mlimani. Alizaliwa eneo liitwalo Kwanza, kwenye tambarare za mahindi, siku ya mvua kubwa, ndiyo maana akaitwa Jerop. Aliolewa Kaptoboso, kijiji kilichoning'inia ubavuni mwa Mlima Elgon kama koti kwenye msumari. Mwaka wa kwanza wanawake wa huko walimcheka alivyokuwa anapanda njia kwa mikono na magoti. Hakuwajibu. Alingoja mpaka akaweza kupanda na debe la maji kichwani, kisha akawajibu wote kwa mpigo, na tangu hapo hakuna aliyemcheka. Alilima vitunguu na viazi, akamlea mwanawe Kiptum ambaye sasa anatengeneza pikipiki mjini Kitale, akamzika mume, akaachiwa kengele.

Kengele yenyewe ni rimu ya lori. Kibiwott aliinunua Kitale kwa wauza vyuma vikuukuu, enzi zile kanisa la kijiji likiwa kibanda cha udongo ndani ya boma lake. Akaitundika kwenye tawi la mwerezi uliosimama uani. Kanisa lilipohamia juu, karibu na shule, rimu ilibaki, na kazi yake ikabaki moja: kutangaza kifo. Mtu akifa Kaptoboso, jamaa yake huja kwa Jerop na kumnong'oneza jina. Jerop huchukua chuma kilichotundikwa kwenye ukuta wa jiko, akagonga rimu polepole, kwa mapumziko marefu. Wanaosikia hawaulizi. Wanaume hubeba kuni, wanawake hufunga leso kichwani na kubeba unga, na wote huja kwa Jerop kwanza. Hapo uani yeye hulia kwa sauti kubwa, akitaja jina la aliyekufa na mahali alipolala, nao humfuata huko. Mambo yamekuwa hivyo miaka yote. Watoto walikuwa wakimwona na kile chuma mkononi wanazunguka mbali, kana kwamba yeye ndiye anayechagua.

Baada ya kuona nguzo imesogea, Jerop alipanda juu ya shamba lake kuangalia kilichoisukuma. Akakuta ufa. Ulikuwa umekata nyasi kutoka upande mmoja wa mteremko hadi mwingine, kama mtu aliyeanza kukata mkate akaitwa nje. Akampigia simu naibu wa chifu, naibu wa chifu akapiga Bungoma, na ndivyo Bwana Kagwe alivyofika Kaptoboso.

Kagwe alikuwa mtoto wa Kitale, wazazi wake wakulima waliohamia huko kutoka Nyeri. Alivaa gamboti safi mno. Kwenye baraza alijitambulisha kwamba anatoka ofisi ya majanga.

"Kumbe majanga yana ofisi!" akasema Kiplangat, kaka mkubwa wa marehemu Kibiwott, mzee mwenye ulimi sawa na wa shemeji yake. "Sisi tulidhani yanalala tu msituni."

Watu wakacheka. Kagwe akacheka nao, kisha akawapeleka hadi kwenye ufa. Akaokota jiwe la ukubwa wa yai, akaliachilia ndani. Wote wakatega masikio kungoja lifike chini. Halikufika. Walisimama hapo mpaka watoto wakaanza kurudi nyuma wenyewe.

"Nitawaeleza bila kuzunguka," Kagwe akasema. "Mlima huu ukianguka, unga na blanketi mtaletewa, muwe na mpango au msiwe nao. Hakuna atakayewaacha na njaa. Lakini kuna pesa nyingine: ya kununua shamba la kuhamia kabla haujaanguka, na ya kuchimba mitaro ya kupitisha maji. Hiyo haitoki bila mpango uliopitishwa. Na mimi sipitishi maneno matupu. Mjue hatari iko wapi, mjue mtakimbilia wapi, mjue mtaitana na nini, kisha mfanye zoezi nikiwaona."

"Hiyo blanketi ya kwanza," Jerop akauliza, "mnatuletea tukiwa tunapumua ama tukishafunikwa?"

"Ndiyo sababu nimekuja, mama. Nataka mpate ile pesa ya kuhama."

Jerop aliitaka pesa hiyo kuliko wote. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya ufa, na chini yake ndiko kijiji chote kilikolala. Kwa hiyo Kagwe alipouliza wataitana na nini, maana stima hakuna na simu hufa mvua ikianza, ni yeye aliyejitolea.

"Kengele yangu inasikika mpaka bondeni. Itumieni."

Mahali pa kukimbilia pakachaguliwa: shule iliyo juu ya mgongo wa mlima, mahali penye mwamba mtupu. Kengele ikilia, wote wapande huko kwa njia ya pembeni. Watu wakaitikia vizuri kabisa. Kiplangat peke yake ndiye aliyebaki ameinamia fimbo yake.

"Mama Kiptum, kengele hiyo haipigwi bila maiti. Ukiipiga bure itaenda kutafuta."

"Itafute na miguu gani, shemeji?"

Kiplangat alimtazama tu, na kumtazama huko ndiko kulimkera Jerop usiku huo na asubuhi yake.

Siku ya zoezi jua lilikuwa linawaka. Kagwe alingoja shuleni pamoja na Gladwell, rafiki ya Jerop, mwanamke wa Kitale aliyefungua duka huko juu karibu na shule. Jerop akachukua chuma chake, akagonga rimu.

Kijiji chote kikatoka. Kikashika njia. Kikaja kwake.

Wa kwanza kuingia uani alikuwa bibi Cherono, leso kichwani, unga kwenye sahani. Nyuma yake wanaume na kuni begani. Nyuma yao wanawake wamefunika midomo.

"Pole, mama. Ni nani ametuacha?"

"Hakuna! Bibi, si tulisema kwenye baraza? Pandeni shuleni! Hakuna aliyekufa!"

Cherono akaweka unga chini, akamshika bega. "Hata mimi wangu alipokufa nilisema hivyohivyo."

Na wakakaa. Walikuwa wamesikia baraza, walikuwa wameelewa, walikuwa wameitikia. Lakini rimu ilipolia miguu yao haikuwauliza. Kagwe alipoteremka kuwatafuta aliwakuta wote wameketi juu ya mizigo ya kuni, wazee kwa watoto wa mgongoni, wamejaa uani kwa Jerop chini ya ufa kabisa. Akavua kofia yake.

"Mlima ungeanguka sasa hivi," akasema polepole, "hapa ndipo ningekuja na koleo."

Akawaambia hawezi kusema wamepita, maana angekuwa anawazika kwa mkono wake; atarudi mvua zikipungua wajaribu tena. Watu wakabeba kuni zao kurudi, na hapo ndipo hofu ilipoingia. Kuni za matanga hazirudishwi nyumbani. Zikishaletwa lazima ziwake. Wengine waliziacha njiani, na kwa siku kadhaa mizigo hiyo ililala kando ya njia ikilowa, hakuna aliyethubutu hata kuchukua ukuni mmoja wa chai.

"Imelia bila maiti," Kiplangat akasema akipita langoni kwa Jerop, bila kuingia. "Sasa inadai."

Baada ya siku hiyo watu walimsalimu Jerop wakiwa wanatembea. Na nyumbani mambo yakaanza kugeuka, si kwa kishindo, kidogo kidogo tu kama mgeni anayehamisha vyombo ukiwa umelala. Mlango uliokuwa ukijifunga wenyewe ukaanza kujifungua. Maziwa kwenye sufuria yakawa yanaelemea upande mmoja. Mistari ya vitunguu, aliyoipanda imenyooka, ikapinda tumbo. Chemchemi ya nyuma ya nyumba ikakauka mvua ikinyesha, kisha maji yake yakatokea chini ya kitanda, baridi na mekundu. Vyura wakanyamaza. Mbwa akahamia kwa Gladwell bila kuaga. Na Kibiwott aliendelea kuja. Msalaba sasa ulikuwa umeinama mbele kama mtu anayeteremka akitafuta pa kuweka mguu.

Kibaya zaidi ni rimu. Hakuna upepo, hakuna ndege tawini, nayo inanguruma kwa chini sana, sauti unayoisikia kwa meno kabla ya masikio. Jerop akiiwekea kiganja inanyamaza. Akiondoa, inaanza.

Alimwendea shemeji yake amsaidie kuishusha.

"Mimi siigusi," Kiplangat akasema. "Hiyo imeanza kuita jina la mtu."

"La nani?"

"Kama ungejua ungekuwa umeshaligonga."

Mchana mmoja ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Jerop alikuwa amekaa jikoni akipukuchua mahindi. Kengele ikalia.

Haikunguruma. Ililia. Mlio mmoja, kisha pumziko refu, kisha mlio mwingine, vilevile anavyoipiga yeye. Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka kuangalia ukutani. Chuma chake kilikuwa kwenye msumari wake.

Akatoka nje. Mwerezi ulikuwa unatikisika kutoka mizizini, tawi linainuka na kushuka, na rimu inagonga shina. Juu kwenye ukungu, mizizi ya mparachichi ilikuwa inakatika mmoja mmoja, pwa, pwa, kama nyuzi za gunia. Hapo akaelewa kilichokuwa kinakuja. Na sekunde ileile akasikia kingine kutoka chini: minong'ono, mavazi yakigusa majani, kuni zikigongana. Kijiji kilikuwa kimesikia kengele. Kilikuwa kinapanda kuja kwake.

"Rudini!" akapiga kelele. "Mlima unaanguka! Msije hapa! Pandeni shuleni!"

Sauti ya Cherono ikamjibu kutoka ndani ya ukungu, laini, ya upole wa kutisha. "Tunakuja, mama. Tunakuja. Usilie peke yako."

Alipaza sauti tena, na tena, na kila alivyopaza ndivyo walivyoongeza mwendo. Kwao hayo yalikuwa makelele ya mfiwa, na mfiwa husema lolote. Kitu kimoja tu kingewageuza: kilio chenye jina la maiti na mahali ilipolala. Lakini jina la nani? La Kibiwott halifai, marehemu haliliwi mara mbili. La mtu aliye hai huwezi kulitaja. Kumlilia mzima ni kumsukuma shimoni kwa mikono yako mwenyewe. Kaptoboso nzima ilikuwa na jina moja tu ambalo Jerop alikuwa na ruhusa ya kulitoa.

Akainua leso akajifunga kichwani, akashika njia ya pembeni inayopanda shuleni, akafungua koo.

"Jerop ameenda! Wooi, Jerop wa Kibiwott ametuacha! Amelala juu shuleni! Jerop ameenda!"

Minong'ono chini ikakatika. Kwa pumzi moja hakukusikika kitu ila rimu. Kisha Cherono akalipokea: "Wooi, Jerop!" na kijiji chote kikalipokea nyuma yake, na nyayo zikageuka.

Sasa ilimbidi akimbie. Wakimfikia na kumwona akiwa mzima watasimama kushangaa, na njia ya pembeni ilikuwa bado karibu mno na ufa. Kwa hiyo alikimbia mbele ya wanaomlilia, akijilia mwenyewe kwa sauti ambayo hakuitambua, akiteleza, akipanda kwa mikono na magoti kama mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Nyuma yake aliwasikia wakimtaja. Mmoja akasema alikuwa na mdomo lakini hakuwahi kumnyima mtu chumvi. Mwingine akasema masikini, hata Kiptum hajaambiwa. Kisha akasikia mwanamume akilia kwa kwikwi kama mtoto, akamtambua: Kiplangat. Jerop hakujua kwamba mzee yule ana machozi. Ni nani mwingine duniani aliyewahi kuyasikia hayo na masikio yake?

Alipokanyaga mwamba wa shule, kengele ikanyamaza.

Ukafuata mlio kama magunia ya mahindi ya nchi nzima yakimwagwa kwa pamoja. Haukuwa mrefu. Ulipoisha, harufu ya udongo mbichi ikapanda na ukungu, ikawaingia puani wote waliokuwa wanamaliza kupanda. Kiplangat ndiye alikuwa wa mwisho, mzigo wa kuni bado begani. Nyuma ya kisigino chake njia ilikuwa imekatika. Nyumba ya Jerop, mparachichi, mwerezi, rimu na Kibiwott, vyote havikuwepo.

Watu wakasimama wakitazama chini. Kisha mmoja mmoja wakageuka, wakamwona.

Hakuna aliyemkaribia. Alikuwa amejaa matope kutoka nywele hadi vidole, macho meupe, miguu mitupu, leso ya matanga kichwani. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso. Jerop alipopiga hatua moja, kijiji kizima kilirudi nyuma hatua moja.

Ni Gladwell aliyetoka dukani, akaja moja kwa moja, akamfinya mkono kwa kucha.

"Wewe ni wewe?"

"Kama ningekuwa mzimu, Gladwell, si ningekuja na viatu?"

Cherono akaketi chini pale pale na kuanza kucheka na kulia. Wengine wakamfuata. Kuni za Kiplangat zilikokwa jioni hiyo, zikawapasha moto watu wote uwanjani, na hakuna aliyesema zilikuwa za nani.

Kagwe alileta unga na blanketi kesho yake, kama alivyoahidi, bila kuuliza mpango. Kiplangat naye alileta kondoo. Aliyeliliwa akiwa hai, akasema, lazima arudishwe kati ya watu. Wakampaka mafuta kwenye paji la uso, wakala nyama. Jerop alikula sehemu mbili, akidai na marehemu ana haki yake. Lakini Cherono tangu siku hiyo hamwiti tena kwa jina. Humwita "wewe".

Kazi haikuwa imeisha. Ufa ulikuwa umeacha ubavu wa pili wa mlima ukining'inia, na chini yake bado kulikuwa na nyumba za kijiji ambazo udongo haukuzifikia. Wakati huu Kagwe alikuja na filimbi. Watu walitoka mlangoni, wakatazama huku na huku, wakarudi ndani. Akaja na kipaza sauti cha betri. Wakadhani ni wauza dawa ya panya.

"Mama," akasema mwishoni, akiwa amechoka, "ni kitu gani watu hawa watakifuata bila kufikiri?"

Jerop alizunguka nyuma ya shule, akajifunga leso, akajililia. Chai ya Kagwe haikuwa imepoa, kijiji chote kilikuwa juu ya mwamba.

Mpango ukapita. Mahali palipotakiwa kuelezwa jinsi watu watakavyoitwa, Kagwe alitaka kuweka maneno ya heshima, Jerop akakataa: aseme wazi kwamba wataitwa kwa kilio cha Jerop. Pesa ya shamba ikaidhinishwa, na walio karibu na hatari wakaanza kuhamia tambarare za upande wa Kwanza, kwa zamu. Zamu ya Jerop ilifika mapema. Akampa mwingine. Atahama wa mwisho, alisema, maana kengele haiwezi kutangulia kanisa. Kwa sasa anaishi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya duka la Gladwell. Amefunga kamba mpya ya nguo, na kila asubuhi huigonga kwa kidole kabla ya kunywa chai.

"Na siku utakufa kweli?" Gladwell alimuuliza juzi, wakiwa wameketi mlangoni, ukungu umeshuka. "Tukikutangaza, si watu watakimbilia mwambani? Nani atakuja kukulilia?"

"Wacha wakimbie. Mimi nitakuwa na haraka gani?"

Gladwell alikuwa anacheka bado, kikombe mdomoni, kilio kilipopanda kutoka chini. Kilitoka kule mahali palipokuwa na mwerezi, ambapo sasa hakuna hata njia ya mbuzi. "Jerop ameenda," kikasema. "Wooi, Jerop wa Kibiwott." Sauti ilikuwa ya Jerop mwenyewe, hata ule mkwaruzo wa mwisho.

Gladwell akamtazama rafiki yake. Mdomo wa Jerop ulikuwa umefungwa.

Chini kwenye ukungu milango ikaanza kufunguka. Nyayo zikashika njia ya kupanda. Jerop akaweka kikombe chini taratibu, akajifunga leso kichwani, akasimama.

"Twende," akasema. "Hata mimi niko kwenye mpango."

Akawa wa kwanza kupanda mwambani.